Mluzi wa Kapelberg

Ouderhove, 14 Oktoba 1984

Mdogo wangu Odiel,

Natumaini barua hii itawakuta wewe na Alma wazima, na tumbaku yenu yote imeshaingia bandani kabla ya baridi kuichoma. Huku ni msimu wa viazi sukari. Trekta zinapita tangu asubuhi na barabara yote ina tope. Mti wa mapeasi wa baba umezaa mwaka huu utadhani unaaga. Nimeyapika kwa mdalasini na kuyatia kwenye chupa, sijui nitampa nani. Mimi sijambo. Goti linauma nikipanda ngazi, lakini siku hizi sipandi sana.

Jana ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu Lieven wangu atutoke. Kanisa lilijaa, hata wale wasioingia kanisani ila kwa ubatizo na mazishi walikuwepo. Vijana wa chama cha baiskeli walikuja na fulana zao. Kila mmoja bado anayo ile kadi ya mazishi yenye picha ya Lieven, wengine wanaiweka mfuko wa nyuma wa fulana wanapoendesha. Kadi nyingi zimelowa jasho mpaka uso wake hauonekani. Asante kwa maua. Niliyaweka mwenyewe.

Baada ya misa Firmin alikuja nyumbani. Unamkumbuka, mwokaji mikate, sasa ndiye mwenyekiti wa chama. Alileta keki ya maziwa mgando, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

“Mama Lieven,” akasema, “chama kimekaa. Tunataka kumwekea kijana njia.”

“Njia gani tena?”

“Ya baiskeli. Yenye vibao, inaanzia kanisani, inazunguka, inarudi kanisani. Kila kibao na jina lake. Watakuja watu wa mjini Gent, watakuja hata Waholanzi na baiskeli zao za kubebea mboga.”

Akatandaza ramani mezani katikati ya vikombe. Kidole chake kikapita kinu cha upepo, kikashika barabara ya Warumi, kikazunguka magofu ya watawa pale tulipokuwa tukiiba plamu za padre. Kikapanda mlima wa Kapelberg kwa upande wa barabara ya mawe, kikafika lile kanisa dogo lililojengwa zamani za tauni kule kileleni. Halafu kikateremka kuja mlangoni kwangu.

“Hapa wanateremka,” nikasema.

“Hapa wanateremka! Ndio utamu wenyewe. Lieven alikuwa akisema mteremko huu ni zawadi ya Mungu kwa aliyeyapanda mawe.”

Ni kweli alikuwa akisema hivyo. Nikamwongezea kahawa.

Wanafungua njia Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunalia tu na hakuna linalosemwa. Msalimie Alma.

Dada yako,
Irma


Delhi, Ontario, 25 Novemba 1984

Dada Irma,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu, ambayo ni kaka mkubwa wa baridi yenu. Tumbaku imeingia yote isipokuwa majani ya juu, hayo yamechukuliwa na jalidi. Alma hajambo. Anasema nimenenepa, mimi nasema ni koti. Mbwa wetu mzee amekufa na tumemzika nyuma ya tanuri la kukaushia tumbaku.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Unisamehe na kwa mwandiko, kalamu za Kanada hazina adabu.

Habari ya njia ya Lieven niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Nikaisoma tena nikasimama penye neno lako “wanateremka”. Dada, unaitaka au huitaki? Nakujua. Tangu utotoni mtu akikukanyaga mguu husemi “mguu wangu”, unasema “naona hapo pana mtu.” Niandikie waziwazi. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo, nilimshika kichwa pale kwenye maji, na Firmin nilikaa naye dawati moja. Neno langu kwake halijawa jepesi hivyo.

Na mwezi wa tano nakuja. Nimeshamwambia Alma. Nitalala chumba cha Lieven, kama hujakigeuza. Usihangaike kununua chochote, shuka nitaleta.

Mdogo wako,
Odiel


Ouderhove, 13 Januari 1985

Mdogo wangu Odiel,

Mungu aujalie mwaka huu uwe mpole kwenu kuliko ulivyoanza kwetu. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Sikukuu ya Wafalme Watatu watoto walikuja kuimba mlangoni, watatu wakiwa na taji za karatasi, na yule aliyebeba nyota alikuwa na kamasi mpaka kidevuni. Niliwapa mapeasi. Paka wa jirani amehamia kwenye kibanda cha njiwa cha marehemu mume wangu, Jozef angemfukuza kwa ufagio.

Chumba kipo.

Uliniambia niandike waziwazi. Nitajaribu. Kwanza nilijaribu kusema na Firmin. Nilikwenda dukani kwake nikasubiri wateja waishe.

“Firmin, ile njia haiwezi kugeuzwa? Wapandie kwangu, wateremkie upande wa pili?”

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aoke mkate kwenye theluji. “Wateremkie kwenye mawe? Mama Lieven, watamwaga meno njia nzima! Tutakuwa tunayafagia kama mahindi.”

“Basi wafike kanisa dogo warudi walikotoka.”

“Njia ya kurudi ulikotoka si njia, ni kusahau pochi nyumbani.” Alicheka, halafu akauona uso wangu. Akafuta unga mikononi, akanishika mikono yote miwili. “Ramani zimeshapigwa chapa, mama. Halmashauri imeshakubali. Na ni kwa ajili yake. Sote tulimpenda.”

Macho yake yalijaa machozi. Utamgombeza vipi mtu wa namna hiyo? Akanifungia na mikate midogo ambayo sikuiomba. Nikasema asante.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila Jumapili Lieven akifika kileleni alisimama kwenye kanisa dogo, akajaza gazeti la jana kifuani chini ya fulana ili upepo wa mteremko usimpenye. Asubuhi aliniomba hilo gazeti, sikuzote la jana, maana la leo alijua sijamaliza kulisoma. Akishajifunga alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, kama Jozef alivyomfundisha kuwaita njiwa. Mlima mzima uliusikia, lakini aliyejua maana yake ni mimi. Chipsi zangu nilikuwa nimeshazikaanga mara ya kwanza, zinapoa kwenye kitambaa. Nikisikia mluzi nilizitia mafutani mara ya pili. Alipoegemeza baiskeli ukutani zilikuwa mezani. “Mama,” alikuwa akisema, “bado zinaimba.”

Siku ile mluzi ulikuja. Nikazitia. Nikazitoa, nikazinyunyizia chumvi, nikaweka uma. Nikatoka mlangoni nimeshika kitambaa ili nimgombeze kwa kuchelewa. Kumbe alikuwa ameshafika. Alikuwa pale konani, chini ya ile nguzo ya saruji ya umeme, tope la viazi sukari limempaka ubavu mzima, na gazeti limetoka kifuani linapeperuka barabarani.

Sufuria ya mafuta sijaiwasha tangu siku ile. Na gazeti la jana bado naliweka pembeni. Mkono unafanya wenyewe.

Hivyo, Odiel, jina lake waliweke wanapotaka. Kibao nitakisugua mimi mwenyewe kila wiki. Ninachoomba ni kwamba wapande hapa, wasiteremke. Apandaye anakwenda polepole, naweza kumtazama mpaka atokomee. Ateremkaye siwezi.

Dada yako,
Irma


Delhi, Ontario, 3 Machi 1985

Dada yangu,

Tuko salama, theluji inaanza kulegea. Barua hii anaiandika Alma, mimi nasema na yeye anafuata. Nimeumia kidole, si sana, kimebanwa na mlango wa banda.

Barua yako niliikalia siku nyingi. Sitaki kusema niliyoyasikia nilipoisoma. Nimefanya nilichoweza, nimemwandikia Firmin. Barua ndefu, Alma alichoka. Nimemweleza kama baba wa ubatizo kwamba njia isiteremkie mlangoni kwako. Na ili aelewe uzito wake nimemsimulia habari ya mluzi. Najua uliniambia mimi peke yangu, lakini nilifikiri mtu akiujua ule mluzi hatathubutu kumteremsha mtu pale.

Mwezi wa tano ni karibu.

Odiel

(Shemeji, ni mimi Alma. Odiel hali chakula vizuri. Usimwambie nimekuandikia.)


Delhi, Ontario, 9 Aprili 1985

Dada,

Haraka haraka, Alma anakwenda posta. Firmin amejibu! Barua nzuri mno. Anasema maneno yangu yaliwaliza wote mkutanoni, na kwamba chama kimekubaliana kwa sauti moja mluzi wa Lieven usisahaulike kamwe. Habari ya kugeuza njia hakuigusa moja kwa moja, lakini mtu anayeandika hivyo ameelewa. Lala usingizi sasa, dada. Mambo yamekaa sawa.

Odiel


Ouderhove, 16 Aprili 1985

Mdogo wangu Odiel,

Pasaka njema iliyopita, kwako na kwa Alma. Miti ya cheri imechanua upande wa kinu. Paka amezaa, wanne, mmoja ana uso mweusi nusu kama aliyechungulia kwenye bomba la moshi. Goti ni lilelile.

Barua yako ya furaha imefika jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Nilitaka nikuache nayo hiyo furaha, ila Firmin atakuandikia, na ni heri uyasikie kwangu.

Jumatano waliweka vibao. Vizuri, vyeupe, herufi za kijani, LIEVEN na mshale. Kimoja kiko kwenye ukuta wangu, mshale unateremka. Halafu Firmin akaniomba nipande naye mpaka kileleni, kuna jambo la kunionyesha. Nilikwenda kwa gari lake la mikate. Mlima ule sikuwa nimeukanyaga tangu siku ile.

Kando ya mlango wa kanisa dogo wamesimamisha kibao kikubwa kuliko vyote. Kina picha yake, ileile ya kadi. Chini yake kimeandikwa: “Hapa Lieven alimpigia mama yake mluzi. Mwendesha baiskeli, simama, mpigie na wewe, kisha uteremke salama.”

Firmin alikuwa ameshika kofia mikononi. “Wazo ni la mdogo wako,” akasema. “Barua yake! Mke wangu aliisoma akashindwa kuhudumia wateja. Tukasema, mama huyu hatakosa mluzi tena maisha yake yote. Kila Jumapili, mama. Hata siku za kazi, wakija wageni.”

Nilimtazama, Odiel. Alikuwa ananisubiri kama mtoto aliyeleta mchoro wake kutoka shule.

“Ni kizuri,” nikasema.

“Kizuri kweli?”

“Herufi zinasomeka.”

Akanikumbatia, ananukia hamira.

Usijilaumu. Nakuomba sana usijilaumu. Ulimwambia ili asimame, yeye akasikia aendelee, na wote wawili mlikuwa mnanipenda. Hakuna mahali pa kupeleka malalamiko ya namna hiyo.

Ukija, njoo Ijumaa, ili Jumapili tuwe wawili jikoni. Hilo tu.

Dada yako,
Irma


Delhi, Ontario, 26 Aprili 1985

Mpendwa shemeji Irma,

Ni mimi Alma, na safari hii maneno ni yangu. Odiel yuko kitandani. Si kidole, haikuwa kidole tangu mwanzo. Ni kiharusi, cha kwanza kilimpata Novemba, kidogo, akanikataza kukuandikia. Cha pili kilimpata juzi, barua yako ya kibao ikiwa mkononi. Mkono wa kulia umelala, na mdomo nao umevutika upande. Daktari amekataa kabisa habari ya ndege. Amekataa mwezi wa tano na miezi mingine.

Anakuelewa ukimsemesha. Kusema ndiko kunakomshinda. Jana alinipa ishara nimshikishe kalamu mkono wa kushoto. Alichora mshale, Irma, mshale unaopanda, akaugonga na kidole, akalia. Nilijua ni habari ya ile njia, lakini uzito wake sikuujua mpaka niliposoma barua zako mwenyewe. Naomba unisamehe kwa kuzisoma.

Yeye hawezi kuja, na mimi siwezi kumwacha. Sijui nikwambie nini kingine.

Alma


Ouderhove, 8 Mei 1985

Mdogo wangu Odiel, na wewe Alma unayemsomea,

Salamu zangu zikufikie pale kitandani ulipo. Barua ya Alma ilifika Jumamosi, siku moja kabla ya njia kufunguliwa. Nilikuwa nimeshaosha madirisha. Sikugombezi kwa kunificha. Mimi nami nilikuandikia “chumba kipo”, ukaniacha na neno hilo.

Chumba sikuwa nimekifungua tangu alipotoka asubuhi ile. Nilikuwa nangoja ukifungue wewe, na mzigo wako, useme kuna vumbi, tufungue dirisha pamoja. Jumamosi alasiri nilijua huji. Nikapanda ngazi mwenyewe, goti likisema lake.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa vibaya, kama alivyokuwa akitandika, shuka haifiki upande wa ukutani. Niliketi. Chini ya dirisha niliiona ile kona na ile nguzo. Sikujua kwamba kutoka kitandani kwake inaonekana hivyo. Nikamkumbuka Jozef siku za mbio za sikukuu ya kijiji, jinsi walivyokuwa wakifunga majani makavu na magodoro kwenye nguzo zote za kona, ili vijana wakiteleza wasife. Siku ya mbio tu. Siku nyingine nguzo huachwa uchi, na mtoto wangu hakufa siku ya mbio.

Nikalivuta godoro. Lilishuka ngazi kabla yangu, nusura lichukue picha ya mama ukutani. Nilizungushia nguzo kwanza magazeti ya jana, yote niliyokuwa nimeweka, yalikuwa mengi. Juu yake nikaweka godoro. Kamba sikuwa nayo ya kutosha, nikafunga kwa mipira ya ndani ya magurudumu yake, ile mizee aliyoitundika bandani akisema siku moja itafaa. Imefaa. Inavuta vizuri.

Jumapili kengele ya misa ilipokwisha nilisikia mluzi wa kwanza.

Nilikuwa jikoni. Mkono wangu ulikwenda mwenyewe kwenye sufuria ya mafuta, Odiel, ukaishika mpini. Nikasimama hivyo. Wa pili ukaja, halafu ikawa mingi, mizuri na mibaya, wengine hawajui kupiga, wanatoa hewa tu. Kila mmoja nilimsikia, na kila mmoja nilimngoja mpaka apite. Mwishowe nilitoka nikasimama langoni, maana ndani ilikuwa mbaya zaidi.

Walikuja kwa makundi, wana rangi kama kasuku. Mmoja mnene, Mholanzi kwa lafudhi yake, alipunguza mwendo pale konani akaona godoro.

“Mama!” akapaza sauti. “Nani kakojoa kitandani mpaka umeanika njia kuu?”

Na mwenzake nyuma: “Ni wewe, umesahau? Ulilala hapa jana!”

Nilicheka. Nakwambia kweli, nilicheka mpaka nikashika lango. Lieven angesema neno hilohilo. Kwa kucheka kwao walikuwa wamekamata breki, wakapita kona ile taratibu kama watu wanaopita hospitali. Nikawatazama mpaka wakatokomea.

Firmin alikuja wa mwisho. Alianza kunipungia mkono akiwa mbali, kisha akaliona godoro. Alilijua, maana ndiye aliyesaidia kulipandisha ngazi Lieven alipotoka jeshini. Alishuka kwenye baiskeli. Akapapasa ile mipira ya magurudumu, fundo moja moja, akalikaza moja lililolegea.

“Halmashauri hawataliacha hapa, mama Lieven,” akasema hatimaye.

“Najua.”

“Kibao cha juu, je? Nikiondoe?”

Nilimwangalia na jasho lake na kadi ya Lieven ikichungulia mfukoni. Nikataka kusema ndiyo. Kijana mmoja aliyechelewa akapiga mluzi kule kileleni, sote wawili tukageuza uso kutazama juu, na neno likapotea.

“Tutaona,” nikasema.

Mvua imenyesha tangu jana. Godoro limenyonya maji, ni zito kuliko mtu, siwezi kulifungua wala kulibeba. Limekaa pale limekumbatia nguzo. Jumapili ijayo watapita tena, na Jumapili ile nyingine, na msimu wa viazi sukari utakuja na tope lake. Mshale bado unateremka. Ule wako wa kupanda, Alma akiweza anitumie hiyo karatasi, nitauweka jikoni.

Chumba cha Lieven sasa hakina godoro. Siku ukija utalala kitanda changu na mimi nitalala jikoni karibu na jiko. Naandika “siku ukija” kwa sababu sijui namna nyingine ya kumalizia barua kwako.

Mluzi ukianza huku baada ya misa, kwenu bado kunapambazuka na wewe umelala. Alma akikugeuza ubavu saa hizo, unikumbuke.

Irma